Majani Chini ya Mpira

Basi lilikuwa limeshang'oka. Mguu mmoja wa Ellis Thackray uko ngazini, wa pili bado unakimbia juu ya mawe ya ua, mkoba wa vifaa unamgonga mgongoni, na mkono ulionyoshwa kumvuta ndani ni wa Horace Sugden. Hapo ndipo tulipowaacha wiki jana, mdomo wa Horace ukiwa sikioni mwa kijana:

"Niliona majani, Ellis."

Akamvuta ndani. Mlango ukafungwa. Wachezaji wengine wakapiga makofi na kuzomea.

"Bwana harusi huyo, amefika!"

"Mama yake alikuwa anamfunga kamba za viatu!"

Ellis akacheka nao.

Kwa aliyelikosa gazeti la wiki jana, nitasema kwa ufupi, maana basi halisubiri mtu. Sikukuu ya Pentekoste, Airedon yetu ilicheza kriketi nyumbani na Lunshire, majirani wa ng'ambo ya mlima, watu tunaowasifu siku ya mazishi yao tu. Ellis alikuwa mtu wa kumi na mbili, yaani mbeba vinywaji. Mwenzake mmoja akateguka kifundo, Ellis akaingia uwanjani kushika nafasi yake. Horace akarusha mpira. Jack Entwistle, mpigaji wao mkubwa, akaugusa kwa ncha ya gongo. Mpira ukashuka chini kwa chini, Ellis akajitupa kama paka, akainuka nao mkononi. Mpira ukidakwa kabla ya kugusa chini, mpigaji hutoka.

Mwamuzi alizibwa na mgongo wa Horace, hakuona kitu. Entwistle wala hakumtazama. Alifanya walivyofanya baba na babu za pande zote mbili: alimuuliza mdakaji mwenyewe.

"Umeudaka, bwana mdogo?"

"Nimeudaka."

Entwistle akatia gongo kwapani, akatoka uwanjani. Sisi na hao tunagombania kila kitu, mpaka rangi ya chai, lakini neno la mdakaji halikupingwa hata siku moja.

Na mpira ulikuwa umegusa majani kwanza.

*

Wakaketi kiti cha nyuma kabisa, wawili peke yao. Basi likaanza kupanda mlima.

"Umemwambia nani?" Ellis akanong'ona.

"Nimwambie nani? Mpira niliurusha mimi. Kule kutolewa kwa Entwistle kumeandikwa kwa jina langu. Na bia za pongezi nilikunywa mimi."

"Basi mbona umenyamaza tangu Pentekoste, ukaja kunitoboa sikio leo?"

"Kwa sababu leo ni mimi au wewe."

Hapo hapakuwa na fumbo. Ndani ya basi walikuwa kumi na wawili, na uwanjani huingia kumi na mmoja. Wote wawili warushaji wa mipira ya polepole, ya kuzunguka, na nahodha hataki wawili wa namna moja. Ellis, mtoto wa mfumaji wa sufu, hajawahi kuanza mechi ya majirani hata moja. Horace amezicheza mpaka magoti yamekwisha, na hii ya sikukuu ya Agosti ndiyo yake ya mwisho, akipangwa.

"Utasema?" Ellis akauliza.

"Mimi? Nikifungua mdomo leo watasema babu Sugden kauza ukweli anunue nafasi. Ulimi wangu niliufunga mwenyewe siku ile. Wako uko huru."

"Afadhali ungeniacha nisijue kwamba unajua."

"Nimekuacha miezi yote hii, mdogo wangu. Kila nikikuona unakula, naona unatafuna majani."

Mbele ya basi mtu akaanza wimbo wa kuwakejeli Lunshire, walaji wa utumbo, wanaochemsha chai mara mbili. Wote wakaitikia. Ellis akaitikia pia, maana asingeitikia angeulizwa ana nini.

Ana nini? Nitawaambia. Kanisani kwao, kanisa dogo la Wamethodisti la kijiji cha Hebroyd, mhubiri alitoa mahubiri mazima juu ya ule mpira. "Mikono isiyoachia," ndivyo alivyoyaita. Akina mama wakaandaa chai na keki ya tangawizi. Bi Hannah Thackray, mama yake, mjane, akasimama mbele ya watu akasema mwanawe hajui kusema uongo tangu alipoanza kusema. Na leo Hebroyd nzima wamekodi basi lao, wako nyuma barabarani, wanakuja kumtazama.

*

Kwenye lango la uwanja wa Lunshire, mtu wa kwanza kuwalaki alikuwa Jack Entwistle.

"Karibuni, wezi wa kondoo!" akawaambia.

"Asante, mla utumbo!" basi zima likamjibu.

Nahodha wao alikuwa amevunjika kidole, kwa hiyo siku hiyo Entwistle ndiye aliyeongoza. Akapeana mikono na kila mtu. Alipofika kwa Ellis akaushika mkono wake kwa mikono miwili, akaugeuza, akautazama kiganja.

"Hii ndiyo mikono! Unajua imenigharimu nini?"

Ellis akajaribu kuuvuta mkono.

"Wachagua timu ya taifa walikuwa jukwaani siku ile," Entwistle akasema, "wanatafuta mtu wa kwenda kucheza Australia. Wakaniona natoka mapema, wakafunga miavuli yao, wakaondoka. Basi, ndio mchezo. Lakini lililoniudhi si hilo. Tommy Ogden wetu, kule baa, akasema umenidanganya. Nikamwambia, yule kijana nilimuuliza, naye amenijibu. Akarudia. Nikamtoa jino."

"Jino?" Horace akauliza.

"La mbele. Nenda kamtazame, akicheka anapiga mluzi."

Wote wakaangua kicheko. Ellis akautazama mkono wake ulio ndani ya mikono ya yule mtu, akatamani ukatike ubaki huko huko.

*

Rupert Denholm, nahodha wa Airedon, alikuwa mwungwana wa ukoo, hachezi kwa mshahara. Alibadilishia nguo ghorofani, peke yake, na kuingia uwanjani kwa mlango wake. Asubuhi ile alikwenda katikati ya uwanja, akapiga goti, akaubonyeza ukanda wa kuchezea kwa kidole gumba. Ulikuwa na unyevu. Mpira ungezunguka.

Akashuka chumba cha wachezaji. Akataja majina, moja baada ya jingine, polepole kama mtu anayegawa urithi. La kumi na moja akalimeza kidogo.

"Thackray. Unyevu huu unataka vidole vichanga. Sugden, utatubebea vinywaji."

Hakuna aliyetazama upande wa Horace. Horace mwenyewe ndiye aliyesema kwanza.

"Chai yako nitie sukari, Nahodha, au utamu wa ushindi unatosha?"

Wakacheka kwa kushukuru. Lakini Ellis aliketi karibu naye, akayaona yale mavidole makubwa yakihangaika kufungua kamba za viatu vya njumu, yanateleza, yanarudi, yanateleza tena.

"Kaka Horace..."

"Usiniite kaka leo. Vaa viatu."

Ellis akatoka nje apate hewa. Hakuipata. Pale kwenye uzio Hebroyd nzima walikuwa wameshashuka, na mbele yao Bi Hannah, kofia ya Jumapili kichwani, pai ya nguruwe mkononi imefungwa kitambaa.

"Mwanangu! Umepangwa?"

"Nimepangwa, mama."

"Amepangwa!" mama akawageukia wenzake, nao wakapiga kelele kama Israeli wamevuka bahari. Wakati huo huo Entwistle akapita na gongo lake, anakwenda kurusha sarafu na Denholm. Bi Hannah akampungia pai.

"Bwana! Huyu ndiye mwanangu, yule uliyemuuliza!"

Entwistle akasimama. Akavua kofia yake kabisa, kichwa wazi mbele ya mwanamke wa kiwandani.

"Umelea, mama," akasema.

Bi Hannah akalia kwa furaha. Ellis akageuza uso, akashika uzio kwa mikono yote miwili.

*

Sarafu ikarushwa. Lunshire wakashinda, wakachagua kupiga kwanza. Denholm alikuwa anarudi taratibu akakutana na Ellis anakuja mbio.

"Nahodha, nitoe."

"Tumbo?"

"Si tumbo."

Akamwambia. Yote, pale pale juu ya nyasi, watu wakiwatazama kutoka kila upande wakidhani wanapanga mbinu. Hakumtaja Horace. Denholm akasikiliza huku akiifuta sarafu kwenye suruali yake nyeupe, anaifuta tu.

"Kwa nini hukuniambia kabla ya sarafu?"

"Niliogopa."

"Na sasa huogopi?"

"Sasa naogopa zaidi."

Denholm akapumua kwa nguvu. "Majina nimeshayatoa. Baada ya sarafu sina ruhusa ya kubadilisha mtu mpaka nahodha wa upande wa pili akubali. Na leo nahodha wao ni nani?"

Ellis akageuka kutazama chumba cha Lunshire.

"Sikiliza, Thackray. Una tumbo. Umeamka nalo. Nitamwambia Entwistle, ni mwungwana, atakubali, Sugden ataingia, wewe utakaa. Haki itatendeka na hakuna atakayeumia."

"Uongo wa pili, Nahodha?"

"Uongo wa pili mara nyingi ndio wenye adabu."

Wakaenda. Chumba cha Lunshire kilinuka mafuta ya kuchua misuli. Entwistle alikuwa ameinama, anafunga vikinga miguu. Denholm akasema lake kwa sauti laini: Thackray hajisikii vizuri, je, Sugden anaweza kuingia?

"Bila shaka," Entwistle akasema, hata hakuinua kichwa. "Pole, bwana mdogo. Nenda kalale, mama yako nitamwambia mimi."

Kwisha. Amepona. Ndugu msomaji, pale alikuwa na mlango wazi na watu wawili wa heshima wameushika, kilichobaki ni kutoka. Denholm akamgusa kiwiko. Ellis akageuka. Akafika kizingitini.

Akasimama.

"Siumwi," akasema.

Entwistle akainua kichwa.

"Pentekoste haukuwa mdako. Uligusa majani. Nilijua. Ukaniuliza, nikakwambia nimeudaka."

Kikombe cha mtu kikalia kwenye kisahani. Kisha, kutoka pembeni, sauti yenye mluzi ndani yake:

"Nilikwambia, Jack! Na jino langu je?"

"Nyamaza, Tommy."

"Sinyamazi! Ulinipiga mbele ya mke wangu!"

"Nimesema nyamaza." Entwistle alirudi kwenye kamba za kikinga mguu. Akazifunga, akazifungua, akazifunga upya. Alipozungumza hakuwa mkali, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Nani mwingine aliona?"

"Hakuna. Mimi tu."

"Wewe tu?"

"Ndiyo, bwana. Mimi tu."

Akasikia bilauri zinagongana nyuma yake. Horace Sugden alikuwa mlangoni, amevaa koti la mbeba vinywaji, sinia mkononi, amekuja kuomba barafu jikoni kwa wenyeji.

"Na mimi," Horace akasema.

"Kaka Horace, nenda."

"Na mimi niliona, Jack. Nilikuwa karibu kuliko yeye. Ulipomaliza kumuuliza ulinitazama, unakumbuka? Nikatazama viatu vyangu."

"Nakumbuka," Entwistle akasema. "Nilidhani unanionea huruma."

Hapo ndipo Entwistle alipoinuka. Akachukua gongo, akalipima mkononi. Mtu mmoja akasogea akidhani atapiga nalo. Hakupiga. Akamgeukia Denholm.

"Nilikubali mabadiliko?"

"Ulikubali."

"Nimeyakataa. Jina lake limetajwa. Atacheza." Akamtazama Ellis. "Ulitaka sana kucheza mechi hii, sivyo? Icheze. Na huyu abebe maji. Kila mtu akae pale alipochaguliwa."

*

Habari za jukwaani huenda mbio kuliko mpira. Wakati Ellis anashuka ngazi na wenzake, Lunshire nusu walikuwa wameshajua, na kelele zikaanza upande wa viti vya bei nafuu kama mvua juu ya bati. "Majani! Majani! Majani!" Wenzake wa Airedon walitembea mbele yake hatua kadhaa. Hakuna aliyempa mpira mkononi. Waliuviringisha chini mpaka miguuni kwake.

Denholm alimpa arushe. Ukanda ulitaka mtu wa kuzungusha, na wa kuzungusha alikuwa yeye. Akarusha vizuri, ndilo la kusikitisha. Hakuwahi kurusha vile kabla wala baada. Vidole vyake vilijua kazi hata kama moyo haukuwepo.

Entwistle hakuwa amepiga mipira mingi ulipokuja mpira mmoja uliodanganya, ukagusa ncha ya gongo, ukashuka kwa Denholm. Denholm akainama akauchota kwa vidole, safi, kabla haujagusa nyasi. Mwamuzi alikuwa na jua machoni.

"Nimeudaka," Denholm akasema, kwa sauti ya mtu ambaye hajawahi kuulizwa swali mara mbili maishani mwake.

Entwistle hakumuuliza. Hakumtazama hata. Alisimama pale pale, gongo chini, macho kwa mwamuzi.

"Jack," Denholm akasema. "Nimekupa neno langu."

"Nimelisikia, Bwana Denholm. Namngoja mwamuzi."

Wazee waliokuwa pale waliniambia kwamba hata wauza magazeti walinyamaza. Mwamuzi akatazama huku na huku, masikini, akatikisa kichwa: hakuona, kwa hiyo Entwistle hatoki. Denholm akawa mwekundu mpaka shingoni. Akautupa mpira kwa Ellis, kwa mkono, wa kwanza kumtupia siku ile, naye Ellis hakuweza kumtazama.

Entwistle akapiga mpaka jua likaingia upande wa jukwaa. Lunshire wakashinda kwa idadi ambayo hatutaki kuitaja.

Kabla ya hapo, wakati wa mapumziko ya chai, watu wa Hebroyd walikuwa wamesharudi kwenye basi lao, wamefunga madirisha. Bi Hannah peke yake alibaki kwenye uzio. Ellis akamwendea.

"Mama, rudi nyumbani."

"Umekula?"

"Mama, umesikia nilichofanya?"

"Nimesikia. Wameimba vya kutosha." Akamsukumia pai juu ya uzio, hakumtazama usoni. "Kula. Una kazi ya kumaliza."

Akaila amesimama, mbele ya watu wote, mpaka kipande cha mwisho, na mama yake akangoja kurudishiwa kitambaa.

*

Waliobaki, mambo yao yalikuwa hivi.

Horace Sugden hakuchaguliwa tena, naye hakuomba. Klabu ilimwandalia chakula cha jioni cha kumuaga, hakwenda. Alilima vitunguu nyuma ya nyumba yake mpaka magoti yakakataa, kisha akahamia kwa binti yake pwani.

Jack Entwistle hakuitwa Australia, mwaka ule wala mwingine. Alifungua duka la vifaa vya michezo, likaenda vizuri. Tommy Ogden alitiwa jino la bandia na Entwistle alilipia, lakini hawakunywa pamoja tena.

Denholm aliacha kucheza, akawa mwenyekiti wa kamati ya kuchagua timu, akachagua vibaya kwa muda mrefu. Mechi za majirani zinaendelea kila Pentekoste na kila Agosti. Mpigaji hamuulizi tena mdakaji; husimama, humngoja mwamuzi.

Mhubiri wa Hebroyd alihamishiwa mji mwingine. Bi Hannah aliendelea kukaa benchi lile lile, na baada ya majuma machache wanawake wakaanza tena kukaa karibu naye.

Ellis Thackray alipelekwa timu ya pili, kisha akaambiwa kwa upole asirudi majira yatakayofuata. Alipata kazi kwenye kiwanda cha kutia sufu rangi, akaoa mwanamke wa ng'ambo ya mlima ambaye hapendi kriketi, wakapata mabinti wawili. Mikono yake ilikuwa ya buluu mpaka kwenye viwiko, na rangi haikutoka hata kwa sabuni ya magadi.